Bi Mkubwa Hazimwi kwa Barua

Dar es Salaam
6 Machi 2000

Dada Mwanaima,

Shikamoo. Ami Imtiaz alinipigia simu kunipa habari ya msiba wako, nikakaa chini palepale. Desemba tu nilikuwa kwenu Makorora nakula mkate wa kumimina, na mumeo Bwana Hilal ananitania kwamba mtoto wa Kihindi akishahamia Dar husahau hata pweza analiwa vipi. Mungu amrehemu, akupe subira na nguvu.

Naandika na kazi pia, na naona haya kuichanganya na msiba. Serikali imekwisha kuwakabidhi baba na Ami Imtiaz kiwanda cha kamba, na mimi nimepewa upande wa kompyuta. Zile seva mbili za zamani, mnazoziita Bi Mkubwa na Bi Mdogo, zitastaafishwa mwisho wa Aprili. Nafasi yao itachukuliwa na moja mpya ninayoiandaa huku. Nilimweleza baba kwamba Bi Mkubwa ndiye anayemjua kila mfanyakazi kwa jina na neno lake la siri, na kwamba asipomtambua mtu asubuhi, mtu huyo hafungui kompyuta yoyote kiwandani. Bi Mdogo ana nakala tu. Anatambua watu, lakini hana ruhusa ya kumwongeza wala kumfuta hata mmoja. Baba akacheka, akasema hizo si kompyuta, hiyo ni nyumba ya mtu anayemjua Pangani.

Mashine mpya haiwezi kuyapokea majina mpaka Bi Mkubwa aikubali, na haikubali bila neno la siri la msimamizi, ambalo unalo wewe peke yako. Meneja wa zamani tumempata Lushoto, analima viazi, na anasema hakumbuki hata rangi ya mashine. Basi naomba uliandike neno hilo kwenye karatasi, ulifunge ndani ya bahasha, umpe dereva wa basi. Mengine yote usijisumbue nayo. Wewe pumzika.

Mdogo wako,
Shabnam Almas


Makorora, Tanga
13 Machi 2000

Shabnam mdogo wangu,

Marahaba. Rambirambi zako nimezipokea, na nimelia kidogo pale uliposema habari ya pweza, maana Hilal utani ule alikuwa nao kwa kila mtu wa Dar, Mhindi na asiye Mhindi.

Niko eda. Nakaa chumba cha uani, nguo moja nyeupe, sina wanja wala marashi, na sioni mwanamume ila ndugu zangu wa kunizaa. Shangazi yangu Semeni ndiye anayenikalisha, na mwanamke huyo angepewa lango la kiwanda asingepita hata nzi. Mkono wangu ni Tuhfa wa stoo. Ni jirani yetu. Anapita jioni akitoka kazini, ananiletea barua na umbea, umbea kwanza.

Sasa kazi. Neno la siri siliandiki. Wewe umesoma haya mambo kama nilivyosoma mimi, unajua kabisa neno likishaandikwa siyo la siri tena, na bahasha ya basi inafunguliwa Segera na watu wanaotafuta picha za harusi. Tangu mashine zije, utaratibu wangu ni mmoja. Mtu mpya anakuja mwenyewe, anakaa mbele yangu, anachagua neno lake, na mimi nageuza uso ukutani mpaka amalize. Mkurugenzi alikaa, mfagizi alikaa. Mume wangu mwenyewe alikaa, ingawa yeye hakuwa na siri, maana neno lake ni jina la mama yake na alikuwa akilitaja kwa sauti kila akilibofya, stoo nzima ikalijua.

Eda yangu inaisha Juni kumi na nane. Tarehe kumi na tisa, Jumatatu, nitakuwa kazini, na mashine yako mpya nitaipokea kwa mikono miwili. Bi Mkubwa ni mzee, anakoroma, simtetei. Astaafu. Lakini astaafishwe na mtu aliyemtunza.

Lile neno lako la kupumzika halijanikaa vizuri. Sijachoka, Shabnam, nimefiwa. Nijibu swali moja tu. Kwenye mashine hiyo unayoiandaa, jina langu limo?

Dada yako,
Mwanaima Kombo


Kiwandani, Tanga
27 Machi 2000

Bi Mwanaima Kombo,

YAH: KUKABIDHI NENO LA SIRI LA MSIMAMIZI

Salaam. Kwanza, kwa niaba ya wamiliki wapya, nakupa tena pole kwa kifo cha marehemu Hilal, mkuu wa stoo wetu. Natumaini mchele na sukari vilifika.

Nimeambiwa umekataa kutoa neno la siri kwa sababu ya eda. Mimi ni Mwislamu na nimezaliwa Tanga hapahapa, sikudharau. Lakini nimemwendea Shehe, nimemuuliza, na amenijibu wazi kwamba mjane anaweza kutoka mchana kwa haja yake ya lazima, mradi arudi kwake kabla ya usiku. Gari la kampuni litakuwa mlangoni kwako Alhamisi saa tatu asubuhi. Kazi haitazidi saa moja, na dereva atakurudisha.

Baada ya hapo kampuni haitakusumbua tena. Nafahamu kwamba wajane wengi hupenda kurudi kwa wazazi na kutulia, na sisi hatutakuwa kikwazo.

Wako,
Imtiaz Almas
Meneja


Makorora
29 Machi 2000

Ndugu Meneja,

Najua siku hizi mnapenda kuitwa Bwana. Nisamehe, ulimi wangu ulizoea wakati wa serikali.

Mchele ulifika. Shehe hakukosea, na ruhusa hiyo naijua tangu chuoni. Lakini ruhusa ni ya mjane mwenye haja. Nimepewa mimi, hukupewa wewe uje unitoe nayo ndani kwa gari. Mwenye haja Alhamisi ni kampuni, na kampuni haikufiwa na mume.

Unaniita kwa saa moja, nifungue mlango, nirudishwe, nisisumbuliwe tena. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimeielewa. Wazazi wangu wamekufa wote wawili, hivyo huko kwa wazazi unakotaka nikatulie ni makaburini.

Gari usilete. Shangazi Semeni ameshaapa kulimwagia maji ya samaki.

Mwanaima Kombo
Msimamizi wa Mashine


Dar es Salaam
10 Aprili 2000

Dada Mwanaima,

Shikamoo. Ami amenisomea barua yako kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba. Lile la maji ya samaki baba alicheka mpaka akakohoa, na ndiyo maana Ami kakasirika zaidi.

Nakuomba unisaidie. Hali ya huko imekuwa ngumu. Kumeajiriwa watu wapya watano, pamoja na Ami mwenyewe, na hakuna hata mmoja anayeweza kuingizwa, kwa sababu Bi Mkubwa haongezi jina bila wewe. Nilifikiri kujenga kila kitu upya, nimwache na majina yake, lakini mafaili ya mishahara na ya oda yamefungwa kwa majina hayohayo. Nikivunja, mishahara ya Mei itakwama, na watakaolia si Ami. Watalia wale wa mashine za kusokota.

Kwa hiyo tumeshikana. Niambie unataka nini, nitakwenda kumwambia baba. Swali lako nimeliona. Naomba tulizungumze tukionana.

Mdogo wako,
Shabnam


Makorora
28 Aprili 2000

Shabnam,

Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilikuwa nimekasirika, na mtu aliyekasirika asiandike. Bado nimekasirika, lakini siku zimepita za kutosha.

Jana Tuhfa alikuja mbio hata hajavua kanga ya njiani. Kumbe hao watu wapya walipoona hawaingii, walifanya nini? Walitafuta jina ambalo neno lake la siri linajulikana na kila mtu. Lilikuwa moja tu kiwanda kizima. Ami yako amekuwa akiingia kwa jina la mume wangu. Kila asubuhi anaketi, anabofya Hilal, anabofya jina la mama mkwe wangu, na Bi Mkubwa, maskini, anamkaribisha. Anajuaje kama mtu amekufa? Hakuna aliyemwambia. Wa kumwambia ni mimi, na mimi niko ndani ya eda.

Jana hiyohiyo lori la kamba lilikuwa linakwenda bandarini. Hati ya kutolea mzigo ikachapwa, dereva akaipeleka getini kwa Noa, yule mlinzi wa Maramba. Noa akaisoma. Chini imeandikwa, kama mashine inavyoandika siku zote, mzigo umeruhusiwa na Hilal. Tuhfa alikuwepo, anasema Noa aliikunja ile karatasi polepole akamrudishia dereva.

"Sifungui."

"Hufungui kwa nini, mzee? Meli inangoja!"

"Huyu bwana nimemzika mie. Nimeshika jeneza, nimetia udongo kwa mkono huu. Sasa kaniandikia lini?"

Dereva akapiga honi. Watu wakajaa. Ami yako akatoka ofisini anafoka kwamba ni yeye aliyeruhusu, Noa akamwambia kwa adabu kabisa, "Basi na ije karatasi yenye jina lako, bosi. Ya marehemu mie siipokei." Na karatasi yenye jina lake haipo, kwa sababu jina lake halimo. Lori limelala getini. Wanawake wa kusokota walianza kucheka, halafu mmoja akaanza kumlilia Hilal, na kicheko kikafa.

Mimi sikucheka kabisa. Nilimfukuza Tuhfa, nikafunga mlango, nikalia kilio ambacho hata siku ya maziko sikukilia. Shangazi Semeni alidhani nimepandwa na kitu. Mume wangu alifanya kazi miaka kumi na tisa stoo ile, alikuwa na haki ya kulala. Mnamwamsha kila asubuhi saa mbili awafungulie stoo. Yeye aliyekufa mmemfufua, na mimi niliye hai mmenizika. Hilal ndiye marehemu, Shabnam. Mimi ni mjane. Mwambie Ami yako aandike kwenye mkono wake asisahau.

Umeniuliza nataka nini. Sasa nakwambia, na wala si ombi.

Mashine mpya iletwe hapa chumbani, na Bi Mkubwa aletwe hapa. Bi Mdogo abaki ofisini ashike nyumba. Uje nazo wewe, maana mwanamume haingii. Iwe Jumamosi mchana kiwanda kikiwa kimefungwa. Umeme tunao. Nitafanya makabidhiano kwa mkono wangu, kila jina lipite, mishahara ya watu isikwame. Sina ugomvi na wasokotaji.

Kabla hujapanda basi, ulijibu lile swali kwa maandishi. Usipolijibu, usije.

Mwanaima


Dar es Salaam
5 Mei 2000

Dada Mwanaima,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Jina lako halimo. Niliambiwa nihamishe wote isipokuwa wewe. Ami alisema mwanamke aliyefiwa hatarudi, na akirudi atakuwa hana kichwa cha kazi, na nafasi ni moja. Niliposema jambo hilo si sawa, baba akaniambia kwa upole kwamba nafasi hiyo ni yangu. Kiti chako nimepewa mimi. Nyumba nimekwisha kutafutiwa huko Tanga, Barabara ya Ishirini, na mama keshanunua mapazia.

Nilikuandikia upumzike, na nilijua nina maana gani. Huo ndio ukweli, na naona aibu.

Habari ya lori imefika Dar kabla ya barua yako. Mnunuzi wa Mombasa alimpigia baba simu akamuuliza kama ni kweli kiwanda chake kinaendeshwa na maiti. Baba hakucheka safari hii. Ameniruhusu kuleta mashine kwako, na Ami anasisitiza naye awepo. Nimemwambia atakaa barazani.

Nitafika Jumamosi tarehe kumi na tatu kwa basi la asubuhi, mashine mpya nimeipakata. Kama hutaki kunipokea, nitaelewa, nitaiacha kwa Tuhfa nirudi.

Shabnam


Makorora
9 Mei 2000

Shabnam,

Njoo.

Habari ya kiti nilikuwa nayo tangu Machi. Fundi wa mapazia ni dada yake Tuhfa. Nilitaka kuisikia kwako, na sasa nimeisikia.

Usile njiani. Shangazi amekuwekea pweza.

Mwanaima


Dar es Salaam
18 Mei 2000

Dada Mwanaima,

Shikamoo, na shikamoo nyingi kwa Shangazi Semeni. Nimefika salama. Bado naota lile jambo. Nimeshiriki makabidhiano ya seva kwenye vyumba vyenye baridi na zulia, lakini sijawahi kuona mashine mbili zimewekwa juu ya mkeka kama maharusi, wanawake wa mtaa mzima wamejaa mlangoni, na bibi mmoja anauliza yupi kati yao anayeachwa. Wala sitasahau Shangazi alivyotoka barazani kila mara kumwambia Ami, "Bado, baba, kunywa chai." Alikunywa chai mpaka alasiri.

Jina moja baada ya jingine lilivyopita, nilikuwa nakuangalia. Ulikuwa unayasoma kwa sauti ya chini, hata ya wale walioachishwa mwaka juzi. Halafu ukaniambia, "Geuza uso," nami nikageuza nikatazama ukuta. Nilisikia ukibofya. Sikuona, na sitauliza. Nilipogeuka Bi Mkubwa alikuwa amezimwa, ile sauti yake ya kukoroma imekatika, na wewe umemfunika kwa kanga.

Kuna jambo sikukwambia siku ile kwa kuwa sikujua kama nitakuwa na ushujaa wa kulitetea. Mashine mpya ilipouliza msimamizi wake ni nani, mimi ndiye niliyekuwa natakiwa kuandika jina langu. Nimeandika lako. Langu halimo popote. Nimerudi kwa baba nimemwambia siendi Tanga, na mapazia yatumike sebuleni. Mama hasemi nami. Baba akauliza, "Basi na Imtiaz atamwomba nani?" Nikamwambia, atamwomba mwenye mashine.

Nimekaa nikiwa na woga na furaha pamoja. Niombee.

Mdogo wako kweli,
Shabnam


Kiwandani, Tanga
14 Juni 2000

Bi Mwanaima,

Salaam. Mashine mpya inafanya kazi vizuri, nakiri. Watu wote wa zamani wanaingia. Mishahara ya Mei ilitoka kwa wakati wake.

Isipokuwa mimi siingii. Mwezi mzima sasa kila hati inachapwa kwa jina la Tuhfa, na mimi meneja nasimama nyuma ya kiti chake kama mtu anayengoja chumvi dukani. Noa naye kila nikipita getini ananiuliza kama karatasi yangu imeshapatikana. Lile jina nililokuwa nikitumia zamani nimejaribu mara moja tu, siku ya kwanza. Limekataa.

Shabnam hapokei simu yangu. Kaka anasema amri ni ya msimamizi. Naomba uniandikie unachotaka ili uniingize, hata kwa kumwelekeza Tuhfa, nasi tuyamalize.

Kuhusu marehemu, sikufikiri. Kwangu lilikuwa neno la kufungulia mashine tu. Mke wangu aliponisikia nikieleza aliacha kunipakulia chakula siku mbili, ndipo nikafikiri.

Imtiaz Almas


Makorora
18 Juni 2000

Ndugu Imtiaz,

Leo nimetoka eda. Nimeoga, nimevaa nguo nyingine, Shangazi Semeni amenitia wanja kwa nguvu mpaka nimetoka machozi, na wanawake wamenipigia vigelegele kana kwamba ndiyo kwanza naolewa. Barua hii ni ya mwisho kukuandikia kutoka chumbani. Kuanzia kesho ukiwa na neno na mimi, utaniambia uso kwa uso.

Unauliza nataka nini. Sitaki kitu. Nilichokitaka nilikuwa nacho tangu mwanzo, ni nyinyi mliodhani kimezikwa pamoja na mume wangu. Kumwelekeza Tuhfa siwezi. Utaratibu ni uleule aliofuata mkurugenzi na mfagizi.

Kesho Jumatatu saa mbili nitakuwa kwenye kiti changu. Nasikia mmekisogeza dirishani mkaweka maua ya plastiki. Maua yatoe. Kisha uje mwenyewe, ukae mbele yangu, uchague neno lako. Usichague jina la mama yako. Mimi nitageuza uso ukutani mpaka umalize, nawe usiogope, sitatazama. Ukitoka hapo utaandika hati kwa jina lako, na Noa atakufungulia geti.

Yale ya marehemu uliyoyasema, nimeyapokea. Jina lake lilikukataa kwa sababu halipo. Ile siku mashine ilipokuja nilimwambia Shabnam ageuze uso, nikalifuta kwa mkono wangu, herufi zake zote. Nililitazama likiondoka. Halafu nikamzima Bi Mkubwa.

Hilal hafanyi kazi tena kwenu. Mimi nafanya. Tuonane kesho.

Mwanaima Kombo
Msimamizi wa Mashine